Kinyongo Katika Wali wa Arusi

Nilipokuwa mtoto bado wa kutumwa chumvi dukani, enzi za Mwingereza, wanawake wa mtaa wetu pale Bagamoyo walikuwa na hakika moja kuhusu wali wa nazi: hauharibiwi na maji wala moto, unaharibiwa na kinyongo. Anayeshika chungu akiwa na jambo rohoni juu ya mtu wa nyumba, hata apime vipi, wali utamkataa. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa na shaka na hilo hata chembe. Wali wetu wa kweli, akisema, ni mchele mpya, nazi iliyokomaa na moyo mweupe.

Alipoolewa shangazi yangu, Bibi alimkabidhi chungu Bi Mwanaidi, mke wa ami yangu, mwenyeji wa Zinga, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mdogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupikia shughuli, na kwetu mke hakuhesabiwa mtu wa nyumba mpaka apikie shughuli watu wale washibe. Nilimwona akitabasamu peke yake huku akipepeta mchele. Siku mbili kabla walikuwa wamerushiana maneno na Bibi juu ya kuni mbichi, lakini mimi nilidhani hayo yamekwisha.

Mimi nilipewa kulinda bakuli la kasimele, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, linalomiminwa mwisho wali ukikaribia kukauka. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikachovya kidole. Nikachovya tena. Kisha nikainua bakuli lenyewe. Nilipoona imebaki robo nikaingiwa na hofu, nikajazia maji ya mtungini, nikakoroga kwa mkono. Mama Mdogo akaja mbio, moshi umemjaa machoni, akamimina yote, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Wali ulitoka bokoboko, hata harufu ya nazi hauna. Wageni wa upande wa bwana arusi, watu wa Kaole, walimega tonge mojamoja, wakatazamana, wakanawa. Mmoja wao alisema kwa adabu kwamba wameshiba.

Bibi alimwita Mama Mdogo uani, mbele ya wanawake wote.

"Mwanangu, una nini na mimi?"

"Sina kitu, mama. Wallahi sina."

"Wali umekukataa, nawe bado unaniapia?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao. Mama Mdogo alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. Sikusema neno. Ningependa kusema ulikuwa utoto, lakini nilikua, nikavunja ungo, nikaolewa, na bado nikanyamaza. Hakupewa chungu tena. Kila shughuli yeye ni kuchambua mchele na kuosha masufuria, na wake walioletwa nyuma yake wakampita.

Bibi na ami walipokwisha kufariki, Mama Mdogo alirudi kwao Zinga. Nikamfuata huko, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nilimpa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamweleza yote.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na tui mpaka kidevuni."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Bibi yako kaniuliza kama nina kinyongo. Ningemnyooshea kidole mtoto, wangesema ndicho hicho."

Nililia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Aliendelea kumenya mihogo yake. Nikawaza kwamba Bibi hakukosea sana: palikuwa na jambo rohoni mwa mtu kweli siku ile, ila alimkamata asiye nalo. Baadaye Mama Mdogo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, siku hizi kwetu nani anashika chungu cha shughuli.

Nilimjibu kuwa ni mimi. Watu husema wali wangu ndio wali halisi wa Bagamoyo, na sijawahi kuona haya maishani kama nilivyoona kulitamka jibu lile mbele yake.