Karte Inayokula kwa Mama Yake

Asifiwe Mungu, aliyeumba mwanga kabla ya kuumba jicho, ili jicho la kwanza lilipofunguka likute tayari kuna kitu cha kuona. Yeye amenifikisha kwenye uzee, amenipa mke mwenye kichwa kigumu, na hajaninyima pumzi ya kusimulia habari hii ndogo.

Ni habari ya kipande cha kompyuta. Najua wapo watakaosema kwamba miaka ile haikuwa ya kusimulia vipande vya kompyuta. Mashariki, miji ilikuwa ikitekwa mmoja baada ya mwingine. Kwetu Lubumbashi vita havikufika kwa miguu, vilifika kwa njia nyingine: benki zilifunga milango, malori yalikwama mpakani, umeme ukawa mgeni, na askari walisimama kwenye njia panda wakidai karte, yaani kadi, ya utambulisho kwa kila mpita njia. Majirani waliniambia kwamba huo si wakati wa kutafuta karte ya kompyuta. Niliwajibu kwamba huo ndio wakati wenyewe, na leo bado nasema hivyo.

Mke wangu alikuwa msomaji wa somo la kwanza katika kanisa letu la Katuba tangu tulipokuwa vijana. Mimi nilikuwa katekista, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga, na nilimchumbia kwa sababu ya sauti ile. Uzee ulipokuja, ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika macho yote mawili. Daktari aliyekuwa akipasua macho aliondoka mjini na jamaa yake, nasi tukaambiwa tungoje. Mimi Mungu amenifundisha kungoja. Mke wangu amemfundisha mambo mengine.

Kwanza nilimnakilia masomo kwa kalamu nene, kwa herufi kubwa. Hakuweza. “Karatasi inanipiga kama jua,” alisema. Siku moja, katika kuhangaika na kompyuta yangu ya zamani ambayo ofisi yetu ya makatekista iliniachia ilipofungwa, niliiunganisha na televisheni, nikageuza ukurasa ukawa mweusi na herufi nyeupe, kila herufi kubwa kama kiganja. Yeye alikuwa anapita na sufuria. Alisimama. Alisoma mstari mzima bila kukosea, kisha akaiweka sufuria chini na kulia.

Basi ikawa desturi yetu. Kila juma nilipiga chapa somo la Jumapili, naye alivuta kiti karibu kabisa na televisheni, akasoma na kurudia mpaka maneno yakaingia ndani. Jumapili alisimama mbele ya kitabu kilichofunguliwa na kusoma kile alichokuwa nacho tayari.

Halafu ikaja mistari kwenye picha. Ulianza mmoja wa kijani, ukafuatwa na mingine, mpaka herufi zikawa kama watu wanaochungulia nyuma ya ua. Jumapili ile hakuwa na somo kichwani, na alikwama mbele ya watu wote. Mkubwa wa wasomaji, mtu mpole ambaye sina ubaya naye, alitufuata mlangoni.

“Mama, pumzika sasa. Majilio ikianza tutaweka muntu mwingine.”

“Nimekuambia nimechoka?”

“Hapana, mama. Lakini macho…”

“Macho ni yangu.”

Nyumbani hakupika. Alikaa mbele ya televisheni yenye mistari, na bila kunigeukia akaniuliza, “Kuko namna ya kuitengeneza?”

Nikamwambia kuko. Picha ya kompyuta hutoka kwa kitu kinachoitwa karte ya picha. Yetu ilikuwa imeunganishwa humo humo ndani ya mashine, na ndiyo iliyokuwa inakufa, lakini tundu la kupachika nyingine lilikuwepo, tupu, tangu siku ilipotengenezwa. Kazi ilikuwa kuipata na kuichagua kabla ya kuanza Majilio, majuma yale manne ya kungoja Noeli.

Wa kwanza kuleta msaada alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayekaa mtaa wa Golf. Alikuja na karte ambayo mtoto wake aliiacha alipokwenda Ulaya: ndefu kama tofali, na feni mbili.

“Shemeji, hii mashine yako iko ya musée, ya kuwekwa makumbusho. Tupa!”

“Nawe tukutupe? Magoti yako ni ya mwaka gani?”

Alicheka, tukafungua mashine. Karte ilikuwa ndefu kuliko sanduku, kwa hiyo tuliacha ubavu wazi. Tena ilikuwa na mdomo wake wa pembeni, unaodai waya wa umeme wa peke yake, na mashine yetu haikuwa na waya huo. Shemeji akatafuta waya mwingine akaulazimisha. Kumbukeni kwamba umeme wetu ulikuwa wa paneli juu ya mabati na batri ya lori. Tulipowasha, mashine ilisema “tik”, ikanyamaza, na taa ya sebuleni ikazimika pamoja nayo.

“Karte yako inakula kama mugeni wa matanga,” nilimwambia.

“Basi ununue mashine mupya. Ao umwambie dada aache kusoma. Amesoma ya kutosha.”

“Mwambie wewe. Yuko jikoni, na kisu iko mukononi.”

Hakuenda jikoni.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini kwa miguu, maana mabasi hayakuwa na mafuta, mpaka kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini. Huyu alikuwa na malori na alikuwa akiuza kwa jumla. Depo yake ya kule mashariki ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na hapa kwetu aliuza chochote kilichobaki: mchele, sabuni, na masanduku ya vipande vya kompyuta yaliyoletwa na lori lake la mwisho. Ni Mprotestanti, mwenye sala ndefu na mizaha mifupi. Nilimweleza shida yangu. Akaniuliza:

“Alimentation yako iko na nguvu gani, muzee?”

“Ile ya kona yetu? Imebakia na chumvi na sabuni tu,” nilijibu. “Mwenyewe amekimbilia Zambia.”

Alinitazama. Kisha alicheka mpaka akashika magunia ya mchele asianguke.

Kwa msomaji aliye mbali nasi: hapa alimentation ni duka la chakula, neno hilo limechorwa ukutani kila mtaa. Lakini kwa mafundi, neno hilo hilo la Kifaransa ni kisanduku cha chuma kinacholisha kompyuta umeme. Tangu barabara zikatwe, hatukuwa na mazungumzo mengine isipokuwa alimentation ipi imefungua na ipi ina unga. Ningewezaje kusikia vingine?

“Mapadri wenu wanawafundisha nini, muzee? Nauliza kompyuta, unanijibu tumbo!”

“Wametufundisha kula kidogo. Nionyeshe vitu.”

Alicheka, lakini lile neno lilibaki nami, na nasema kweli, ndilo lililonichagulia. Niliacha kuuliza karte gani ina nguvu. Nikaanza kuuliza inakula nini.

Aliweka mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, imefutwa vumbi vizuri, bei yake sawasawa na ya pili, na yeye aliisifu: mara mbili ya nguvu, picha kama sinema.

“Ilifanya kazi gani kabla ya kuja kwako?”

“Minage,” alisema. “Ile ya kuchimba feza ya internet. Usiku na muchana.”

Baba yangu alikuwa wa reli, lakini wajomba zangu walishuka mgodini. Mtu aliyetoka shimoni ninamjua. Jumapili amevaa suti safi, anacheka, anakula vizuri, halafu anapanda ngazi chache na kukaa chini kutafuta pumzi. Niliinusa karte ile. Ilinuka vumbi lililoungua. Nilizungusha feni kwa kidole, ikatikisika.

“Huyu kifua kimekwisha,” nilisema. “Umwache apumzike.”

Ya pili ilikuwa ndogo, haizidi kiganja changu, feni moja, na pembeni haikuwa na mdomo wowote wa waya.

“Na hii inakula wapi?”

“Hii? Inakula kwa mama yake tu.” Aligonga meno ya shaba yanayoingia kwenye tundu. Lile bamba kubwa la ndani ya kompyuta, linalobeba vyote, Wafaransa wanaliita carte mère, karte mama. “Kile mama iko nacho, inakula kile. Haiombi kwingine. Lakini muzee, nakuambia kweli, iko zaifu. Batoto hawawezi kucheza nayo michezo.”

“Mke wangu hachezi.”

Niliangalia tundu la waya wa televisheni, lilikuwepo. Nilipima urefu kwa uzi niliokuwa nimeukata nyumbani kwa kipimo cha sanduku letu, nayo ilienea. Bei tulikubaliana kwa mahindi, gunia moja la shamba langu la Kasungami. Hapo mzaha ulimwisha.

“Muzee, mimi nimeacha vitu vyangu vyote kule. Batu wanalala njaa. Wewe unatoa chakula upate picha?”

“Waliokutoa kwako,” nikamwambia, “wangependa sisi wote tukae tunawaza tumbo tu, na tunyamaze. Mke wangu hatanyamaza. Tutapika bukari ya unga kidogo na majani ya sombe mengi, lakini Jumapili atasoma.”

“Atasoma nini?”

“Nabii. Pale anapoambia mji uliovunjika kwamba Mungu hajausahau.”

Alifunga karte ile ndani ya kitambaa polepole, kama mtu anayefunga yai.

Njiani, kwenye njia panda, askari alinyoosha mkono. “Karte!” Nami kwa haraka nikatoa ile ya mfukoni iliyokuwa karibu. Aliigeuza juu chini, akatazama feni.

“Hii ni karte ya nini?”

“Ya macho ya mke wangu.”

Sijui alielewa nini. Alinirudishia, akasema, “Pita, papa muzee.”

Kuipachika kulikuwa kazi fupi kuliko sala yangu kabla ya kuipachika. Nilibonyeza mpaka nikasikia imekaa, nikahamisha waya wa televisheni kwenye tundu jipya, nikawasha. Taa ya sebuleni haikuzimika. Herufi zilisimama wima, nyeupe, hakuna mstari hata mmoja. Mke wangu alivuta kiti. Hakusema asante, alisema, “Ongeza kidogo,” nami nikaziongeza. Juma lile lote tulikula tukimsikiliza nabii.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, mkubwa wa wasomaji alikuwa amekwisha kumweka msomaji mwingine, ameketi mbele na miwani yake. Ulipofika wakati, mke wangu alisimama kabla yake. Alipita katikati ya kanisa bila kunishika mkono, akafika, akafungua kitabu pale kilipofunguka. Umeme haukuwepo, kipaza sauti kilikuwa kimekufa na kanisa lote lilikuwa limetega masikio, kwa hiyo kila mtu alisikia mkubwa wa wasomaji alipomsogelea na kunong’ona:

“Mama, si huu ukurasa. Hii ni ya maziko.”

Alinyoosha mkono amfungulie penyewe. Mke wangu aliusukuma.

“Acha. Niko nasoma.”

Akasoma. Alisoma macho yakiwa yameinuliwa kwa watu, na kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wa maziko chini ya mikono yake, maneno ya nabii neno kwa neno, kwa sauti ile niliyoichumbia. Nyuma, kwenye benchi za waliokimbia kutoka mashariki, mtu alianza kulia, na yeye hakupunguza wala hakuharakisha. Mkubwa wa wasomaji alirudi polepole akakaa. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia apumzike, mpaka Mungu mwenyewe alipomwambia.

Mlangoni nilimkuta mfanyabiashara wangu wa Kivu, amevaa koti, ana haya kidogo ya kuonekana kwa Wakatoliki. Alimshika mke wangu mkono kwa mikono yote miwili.

“Mama,” alisema, “sasa nimejua. Alimentation yenu iko na nguvu.”

Mke wangu hakuwa anajua habari za neno lile. “Ile ya kona?” aliuliza. “Si wamefunga!”

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutunzie macho yako. Na kama yatafifia, akutafutie ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe. Akulishe kwa kile alichonacho, nacho kikutoshe, na siku watakapokuambia unyamaze akukute umesimama unasoma. Amina.