Fimbo Moja Hadi Mjini

Siku ya tatu ya kungoja gari niliamka nimeshakasirika. Mafuta yalikuwa yameadimika nchi nzima. Waliotoka Sumbawanga mjini walisema huko watu wanapanga foleni na madumu tangu alfajiri. Sisi wa Msanzi hata foleni hatukuwa nayo, kwa sababu hapakuwa na cha kupangia. Vijana wa bodaboda walikuwa wamelala juu ya pikipiki zao kijiweni wakiota jua. Nilipomuuliza mmoja kama angetufikisha mjini, aliitikisa pikipiki nisikie tangi lilivyo kavu.

"Dada, humu hata harufu hamna," alisema.

Safari nyingine yoyote ningeiahirisha. Lakini madaktari wa macho waliokuja mkoani kwa wiki moja walikuwa wanafunga kuandikisha wagonjwa siku hiyo, saa kumi jioni, na baba mkwe wangu alikuwa haoni. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Wiki mbili kabla, akiota moto jikoni, alipeleka mkono kutafuta kigoda akashika kaa. Mama mkwe alishafariki, mume wangu alikuwa mgodini Chunya, na binti yangu, ambaye ndiye aliyezoea kumwongoza babu yake, alikuwa kwenye mtihani wa darasa la saba. Nikabaki mimi. Mume wangu alinipigia simu kuniambia nisimkoseshe baba yake macho, kana kwamba mimi ndiye niliyekausha vituo vya mafuta.

Shida ni kwamba mimi na baba mkwe hatugusani. Mjini mambo haya yamelegea, lakini katika nyumba niliyoolewa mkamwana hamshiki mkono baba mkwe, hakai naye kiti kimoja, na baba mkwe hamtazami mkamwana usoni. Kwa miaka kumi na minne nilimpikia mzee yule, nikaweka sahani mezani, nikarudi nyuma hatua mbili, ndipo yeye akaivuta. Akizungumza nami aliangalia chini, hata enzi zile macho yake yakiwa mazima. Sidhani kama aliwahi kuijua sura yangu.

Kwa hiyo nilimwongoza kwa fimbo. Yeye alishika ncha ya nyuma, mimi ya mbele, tukafika barabarani hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi ikaja Noah ya abiria. Ilikuwa imejaa, na dereva hakuzima hata injini.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Nikifika mjini naegesha, sijui lini tena. Buti linaingia wawili, mkibanana."

Buti la Noah si kiti. Ni pale wanapowekwa kuku na viroba. Watu wawili wakiingia, magoti ya mmoja yanakaa mapajani mwa mwenzake. Baba mkwe alipapasa ukingo wa mlango, akapima upana kwa mkono, akarudi nyuma.

"Haiwezekani," alisema.

Nilizunguka dirisha kwa dirisha nikiomba mmoja tu abadilishane na mimi. Niliwaeleza kwamba ni mkwe wangu. Wote walielewa, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi: hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema mila hizo zimepitwa na wakati. Ila na wao walikuwa wamengoja siku tatu, kwa hiyo wakatazama mashamba. Nikasema basi mzee apande peke yake, lakini dereva hakutaka kubeba mtu asiyeona bila mtu wake. Gari likaondoka na buti lake tupu.

Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka.

"Baba, heshima hiyo ndiyo itakayokufungua macho?"

Nilisema kwa sauti, barabarani, mbele ya vijana wa bodaboda. Mkamwana hasemi hivyo. Vijana waliinuka kwenye pikipiki zao kutazama mzee atajibu nini. Mzee alinyoosha fimbo mbele, akangoja nishike ncha yangu.

"Tutembee, mama," alisema.

Tukatembea. Kwa gari ni safari isiyomaliza saa moja. Kwa miguu, na mtu anayepapasa kila jiwe, sikutaka hata kukadiria. Tulipokuwa tumeshachoka tukafikiwa na mkokoteni wa ng'ombe wa mfugaji mmoja, wa zile familia zilizohamia kwetu kutoka Usukumani. Alikuwa anapeleka mahindi kwa mnunuzi.

"Pandeni," alisema, "hawa wangu wanatumia majani."

Niliona haya kumweleza habari za mkwe, lakini alishaiona fimbo. Alimkalisha mzee mbele, akanikalisha mimi nyuma kabisa, akasogeza magunia katikati. "Hata kwetu mkwe ni mkwe," alisema, akawachapa ng'ombe wake.

Ule mwendo ulinitesa. Upepo wa baridi unavuma, mashamba yaliyovunwa hayaishi, na ng'ombe wanatembea kama waliokwenda kusalimia ndugu. Kila mara nilitoa simu kutazama saa. Saa nne. Saa tano na robo. Ilipofika saa saba mfugaji akakata kushoto kwenda kwa mnunuzi wake, nasi tukashuka kuendelea kwa miguu.

Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, kwa sababu nilitoka nyumbani nikijua napanda gari. Mkanda wa kimoja ulikatika, nikavitupia vyote kwenye mfuko, nikaendelea peku. Mzee hakuweza kuona, nami sikumwambia. Nilichotaka ni aende haraka, na yeye kila aliposikia sauti ya mtu mzima alisimama, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama wazee wa kwetu wanavyosalimia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za ulezi. Mara ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikaivuta fimbo yeye akiwa bado amechuchumaa. Alipepesuka, mkono mmoja ukagusa vumbi. Aliinuka, akajifuta kwenye koti, akashika fimbo tena. Ningefurahi kama angenigombeza. Nilitembea nikilia njia nzima, najua hakuona, ila nadhani kamasi zilinisaliti.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya saa kumi. Muuguzi alikuwa anakusanya karatasi zake. Alimtazama mzee, akaitazama ile fimbo, akatazama miguu yangu, akavuta karatasi moja akaanza kuandika.

Kesho yake walimpasua jicho moja. Keshokutwa yake asubuhi muuguzi alimkalisha kwenye benchi, akamfungua bandeji, akamwambia ainue kichwa aseme anaona nini. Mzee alitaja dirisha, akataja koti jeupe. Nikashindwa kujizuia, nikamsalimia kutoka mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," aliitikia, akageukia sauti yangu, na kama kawaida yake akaangalia chini. Hakuinua macho kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa labda haoni tena. Kisha nikakumbuka kilichokuwa kule chini. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nimeifunga vipande vya kanga.

"Mama," alisema, "ni miguu hii iliyonivuta?"

"Ndiyo, baba."

Aliinama, akavua katambuga zake za matairi, moja baada ya nyingine. Akaziweka sakafuni kati yetu, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja nizivute.