Maji Yaliyolala

Mtaani walimwita Mama Ndoo. Hawakukosea. Ukifungua mlango wetu unakutana na ndoo. Ukiiruka ndoo, kuna pipa la bluu. Nyuma ya pipa kuna ndoo nyingine imefunikwa kipande cha chandarua. Mgeni akiomba maji ya kunywa, mke wangu alimuuliza kwanza, "Ya watu au ya samaki?" Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni mpaka kucha zikalainika. Mimi ni fundi viatu. Shule hatukwenda, yeye wala mimi. Lakini maji aliyajua. Alitia sabuni, akasugua viganja, akasema, "Leo maji magumu, povu linakataa." Au alisema, "Leo wametia dawa nyingi, sikia harufu." Mimi nilinusa, nikasikia maji tu.

Samaki walianza kwa bahati mbaya. Mpangaji wa chumba cha pili alihama akaacha chupa ya jemu mlangoni. Ndani mlikuwa na samaki mmoja mwekundu, urefu wa kidole, mapezi kama kitambaa cha hariri. Samaki mpiganaji. Dume hawezi kukaa na dume mwenzake, watachanana. Maji ya chupa yalikuwa yamechafuka. Dobi akiona uchafu mkono unamuwasha. Akamwaga, akaosha chupa, akajaza maji ya bomba, meupe kabisa. Asubuhi samaki alikuwa anaelea ubavu.

Akaibeba ile chupa mpaka sokoni, kwa mzee mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Tunamwita Chupa, kwa sababu wote anawauzia ndani ya chupa. Chupa akatazama maiti, akatikisa kichwa.

"Mama, umempika bila moto. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Na samaki, kwa dawa ile, ni kijidudu kikubwa tu."

"Sasa watu wanafanyaje?"

"Wanayalaza."

Neno hilo likaingia nyumbani kwetu likakaa kama mtoto wa kulelewa. Kulaza maji. Alijaza pipa, akaliacha wazi chini ya chandarua dawa ipae, akayakoroga kwa mwiko kila alipopita. Kisha akatia majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yakawa rangi ya chai. Siku za harufu kali aliongeza matone ya kuvunja dawa ya bomba, aliyonunua kwa Chupa. Mwisho alitia mkono mmoja kwenye pipa na mwingine kwenye beseni la samaki, akafumba macho, apime joto kama linalingana. Likizidi huku, alisubiri. Nimekaa na njaa mara nyingi nikingoja mikono hiyo miwili ilingane.

"Unafanya nini na hayo maji?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Nayalaza."

"Basi yaimbie."

"Nimekuimbia wewe miaka yote na bado unakoroma. Niache na wanaosikia."

Kwetu basi maji yalikuwa ya aina mbili, mabichi na yaliyolala. Binti yetu alikua akijua hivyo. Alipoolewa mbali, ukweni walimcheka aliposema maji mabichi.

Kuna watu wanaofuga samaki hawa kwa mashindano. Sikuamini mpaka aliponipeleka. Ukumbi mzima, meza ndefu, samaki kila mmoja na kichupa chake, kadi katikati wasionane. Mwamuzi anaondoa kadi, dume anamwona mwenzake, anatanua mkia. Wanautazama ule mkia kama mimi ninavyotazama mshono wa soli. Wanataka uwe nusu mwezi kamili, kingo zimenyooka, hakuna mwiba wa pezi uliopinda. Samaki wa mke wangu walikuwa wazuri, lakini mkia ulikosa kidogo kufika. Kila mara kidogo. Waamuzi walimwambia, "Mama, umekaribia." Alirudi nyumbani amenuna.

"Umekaribia ni neno la kumwambia anayetafuta choo," alisema.

Akawa anachagua. Dume mwenye mkia mpana kwa jike mwenye mgongo ulionyooka. Watoto wao tena, anachagua tena. Wengine wote aliwapa Chupa. Miaka ilikwenda hivyo, mashuka kutwa, samaki jioni. Wenzake walinunua vitenge, yeye akanunua mabeseni. Sikumkataza. Sikumsaidia pia. Nilikaa kwenye kigoda changu nikamtazama.

Mwishowe akampata. Mweupe, kingo za bluu, na mkia unafika. Akitanua, huoni pengo. Alimwita Mzee wa Mikogo. Majike hakuwapa majina. "Watapata kiburi," alisema, "na kiburi ndani ya nyumba hii kinanitosha changu."

Mzee wa Mikogo alioana na jike wake kwenye beseni pana, chini ya kitanda, mahali penye kivuli. Dume ndiye anayejenga. Anapuliza mapovu juu ya maji, mayai anayabeba mdomoni, anayabandika kwenye mapovu, analinda. Jike akimaliza kutaga anaondolewa, la sivyo atayala. Mke wangu alimtoa, akamweka kwenye chupa dirishani jikoni. Kisha akaniita.

"Njoo uone. Hawa ndio."

Nikapiga magoti. Niliona povu.

"Povu," nikasema.

"Ndiyo. Ndani ya povu hilo ndimo nilimo mimi."

Kesho yake moyo ulimshika akiwa anakamua shuka. Hospitali walimlaza. Hakuulizia nguo wala mimi nimekula nini. Aliniambia, "Usiguse beseni. Yakipungua, ongeza kikombe kwa kikombe, ya pipa la bluu. Yamelala." Nikaitika. Nikafanya hivyo. Mayai yakaanguliwa, vitoto kama nyuzi, vimening'inia chini ya povu, na Mzee wa Mikogo kila kinachodondoka anakidaka mdomoni na kukirudisha. Nilipomwambia alicheka mpaka muuguzi akamkemea. Alisema akitoka atampeleka dume ukumbini, na akitoka ukumbini atawachagua watoto.

Hakutoka.

Siku ya msiba nyumba ilijaa. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyeshika nyumba. Ni mwanamke wa kazi, nikatae nini. Aliwapanga watu, alitafuta sufuria, alipika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sijui hata cha nani. Akaja kuniinamia.

"Shemeji, maji ya pipa la bluu ni ya nini?"

"Hayo yamelala," nikasema.

"Yamelala?"

"Yamelala."

Akaenda. Sikuongeza neno. Nani siku ile angeongeza?

Nyumbani kwangu maji yaliyolala ni maji yaliyo tayari. Kwa watu wengine wote, kitu kilicholala ni cha jana. Mkate umelala, wali umelala, utupe. Shemeji yangu alisikia hivyo. Alisikia maji yameharibika na mimi sina nguvu ya kuyamwaga. Akaita wanawake wawili wakaliinamisha pipa, wakalisugua kwa sabuni, wakalijaza bombani.

Kisha akaingia chumbani kufagia, ili wageni wapate pa kukaa. Akaona beseni chini ya kitanda. Maji rangi ya chai, majani yamezama, povu juu. Angefikiri nini? Akamtoa samaki kwa kikombe. Maji akayamwaga mferejini, povu na vyote. Akaosha beseni likang'aa. Akajaza ya bomba, akamrudisha samaki.

Tulipotoka kuzika aliniita mwenyewe. Alitaka nione kitu kimoja kizuri siku ile.

"Shemeji, nimekusafishia. Jamani, maji yale yalikuwa yameoza, yamefanya mpaka povu! Dada alikuwa hajiwezi, maskini. Sasa tazama, unaona mpaka chini."

Niliona mpaka chini. Hapakuwa na nyuzi. Mzee wa Mikogo alikuwa amelalia ubavu juu ya maji, mashavu yake mekundu, anavuta hewa kwa nguvu, mapezi yamejikunja kama kitambaa kilichoungua.

"Watoto wako wapi?" nikamuuliza.

"Watoto wapi, shemeji?"

Waliokuwa mlangoni wakatazamana. Walidhani akili imeniruka. Nikalibeba beseni nikapita katikati yao. Kwenye pipa nikanusa, na mara ya kwanza maishani nikaisikia harufu ile aliyokuwa akiisema. Ndoo ya mlangoni, harufu. Ile ya chandarua, harufu. Walikuwa wamezijaza zote, kwa upendo. Kichupa cha matone kilikuwa kikavu.

Palibaki chupa ya jike dirishani jikoni. Hawakuiona, ilikuwa nyuma ya birika. Nikamimina nusu ya maji yake kwenye kikombe, nikamtia dume humo. Nikatia kidole kupima joto. Sikujua kupima. Nilikaa naye. Watu walikuja kunipa pole, nami nimekumbatia kikombe. Walidhani ni chai imenipoa.

Alikufa kabla wageni hawajaondoka.

Shemeji aliambiwa na binti yangu. Akaja analia.

"Sikujua, shemeji. Ungeniambia."

"Nilikwambia."

"Uliniambia yamelala!"

"Yalikuwa yamelala."

Binti yangu akanishika bega. "Baba, mama mdogo hakuwa na nia mbaya. Hata mama alianza kwa kuua."

"Mama yako aliuliza," nikasema.

Ni neno baya, nalijua. Shemeji naye aliuliza. Lakini lilishatoka, na sikulirudisha.

Watu walikwenda zao. Nikabaki na jike. Nilijaza ndoo, nikailaza, nikatia majani, nikakoroga kila nilipopita. Matone nilinunua kwa Chupa. Alinipa na kopo la minyoo midogo ya kumlisha. Nikamhamishia jike kwenye lile beseni, akanona. Tumbo likajaa, likawa na alama nyeupe chini, maana yake ana mayai. Mayai yale ndiyo yaliyobaki ya kazi yote ya mke wangu. Lakini jike peke yake hajengi nyumba.

Nilimuuliza Chupa kama katika wale aliokuwa akipewa na mke wangu amebaki hata dume mmoja.

"Mzee, wale niliwauza siku nyingi. Watu wanawapa watoto wachezee. Hawapo."

"Hata mmoja?"

"Hata wa kukudanganya."

Shemeji akaja tena, na mfuko wa plastiki wenye maji. Ndani kuna dume mweupe. Alikuwa amezunguka masoko kumtafuta. Alisimama mlangoni, hakuingia, kama mtu aliyekuja kuposa na kusahau maneno.

"Shemeji, nimeleta bwana. Muozeshe jike wako. Watapata watoto, nyumba itachangamka."

Nikauinua mfuko kwenye mwanga. Mkia ulikuwa mfupi, umekatika pembeni, mwiba mmoja umepinda.

"Huyu siye."

"Mweupe kama yule!"

"Ni mweupe. Siye."

"Samaki si samaki, shemeji?"

"Dada yako alikaa miaka akikataa kama huyu. Nimwingize mimi leo, kwa sababu hayupo wa kukataa?"

Akauchukua mfuko mkononi mwangu.

"Mimi pia nimefiwa," akasema. "Wewe unadhani nyumba hii umefiwa peke yako. Alinibeba mgongoni yule. Nilitaka nimfanyie kitu cha mwisho, nikasafisha. Nisingesafisha, ningefanya nini?"

Nilimtazama mikono. Ni ile ile ya mke wangu, kucha laini za maji. Ningeweza kumwambia ingia ukae. Nilikuwa nayo midomoni.

"Mrudishe kabla hajachoka na mfuko," nikasema.

Akaenda. Tangu hapo chakula ananitumia kwa mkono wa jirani.

Jike alikaa na mayai yake siku kadhaa. Alipanda juu, akazunguka, akatafuta povu. Hapakuwa na povu. Nilimwekea jani la mkungu lielee, asogee chini yake, sijui nilitegemea nini. Jana mchana nikiwa nashona ndala nikaona amesimama katikati ya maji, anatetemeka. Akayaachia. Yalishuka taratibu, meupe, mengi kuliko nilivyofikiri, yakatua juu ya majani yaliyozama ndani ya beseni.

Hapakuwa na wa kuyaokota. Aligeuka, akashuka, akaanza kuyala. Alikula moja moja, bila haraka. Niliweka ndala chini nikamtazama mpaka akamaliza.