Nilivyoenda Kumpakata Mjukuu na Mikono ya Zambarau

Hii habari nilikuwa nimeapa sitaisimulia mtu yeyote, lakini kwa vile mwanangu Wafula ameshaisimulia mpaka kazini kwake relini, na picha yenyewe imezunguka kwenye simu za ukoo mzima, basi ngoja niiseme mwenyewe, angalau isemwe vizuri. Aibu niliyoipata kule Werugha, jamani, hata mtu aliyenikosea simwombei.

Mimi ni mpishi. Nina kibanda cha chai na chapati hapa Voi, kando ya barabara kuu, pale malori ya Mombasa yanapopumzika, na mtu aliyeishi Voi anajua joto la hapa halina adabu, sasa chukua hilo joto uongeze jiko la makaa na mvuke wa sufuria, halafu uongeze mimi mwenyewe (mwili nimejaliwa, sitadanganya), utaelewa kwa nini hadi saa nne asubuhi nguo imeshanigandia mgongoni. Ndipo mabaka yakaanza. Yalianza shingoni, yakashuka kifuani, yakaja mpaka mikononi, madogo madogo, meupe, kama nguo nyeusi iliyorukiwa na dawa ya kutoa madoa, ukiyakwaruza kwa kucha yanatoa unga mwembamba, na jasho likitoka yanawasha mpaka unasahau umeweka chumvi mara ngapi.

Nilitibu, msifikiri nilikaa tu. Nilitumia sabuni ya dawa, nikapaka ndimu na chumvi (msijaribu), nikanunua dukani ile tube ya dawa mchanganyiko ambayo muuzaji hakuulizi unaumwa nini, na tube ikafanya kazi kweli, shingo ikatulia, nikamshukuru Mungu mbele ya kanisa, halafu msimu wa joto ukaja na mabaka yakarudi yakiwa yamezidi. Ikawa mchezo wetu huo, naenda nayo, narudi nayo. Halafu siku moja dereva wa lori, mteja wangu wa kila wiki, akaiangalia shingo yangu, akaiangalia chapati, akaniuliza kwa sauti ya chini, tena si kwa ubaya, "Mama, hiyo haishiki watu?" Akanywa chai, akalipa, chapati akaiacha mezani.

Iliniuma, sitaficha. Kuanzia hapo nikawa nafunga kitambaa shingoni na kuvaa mikono mirefu kwenye joto lilelile, na mabaka yakazidi kuenea, nami nikazidi kujifunika. Nikaamini ni uchafu wangu na ninaweza kumwambukiza mtu. Hata watoto wa majirani nikaacha kuwabeba.

Sasa Wakesho, mke wa Wafula, akajifungua msichana. Wakesho ni Mtaita wa Werugha, na baada ya kutoka hospitali akaenda kwao mlimani mama yake amuuguze kidogo. Wafula akanipigia simu akaniambia mtoto ataitwa Nekesa. Nekesa ndiye mimi. Nilikaa chini pale pale karibu na jiko nikalia, kwa sababu Wafula ni mtoto wangu wa pekee, baba yake alishatangulia, na binti sikujaliwa, kwa hiyo nilikuwa nimeshazoea kwamba jina langu nitaondoka nalo. Wakwe walikuwa wamepanga siku, wazee waje, mtu wa kanisa aje, na mwenye jina ampakate mtoto mbele ya watu na kumwita kwa jina, ndiyo jina limkae. Kwetu magharibi tunafanya karibu hivyohivyo, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa.

Furaha ikanishika siku nzima, jioni hofu ikaingia. Nitampakataje mtoto mchanga na mikono hii? Vipi kama inashika kweli?

Hapa ndipo nilipokosea. Mimi nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, baba yangu alitoka Bungoma akaja kukata mkonge huku akazeeka nao, na nilimkumbuka akitwanga jani la mkonge na kuwapaka mbuzi wake maji yake wakipata upele. Mbuzi walipona. Nikajiambia, kama mbuzi alipona, mimi ni nani? Najua mnachotaka kusema. Kila mtu wa Voi anajua maji ya mkonge yanawasha, wakataji wenyewe hujifunika wasirukiwe, na mimi nilijua kuliko wengi, lakini nikajipa moyo kwamba mtoto wa kambini ngozi yake imeshazoea, na kwamba dawa isiyowasha si dawa. Siku moja kabla ya safari nikapata jani langu, nikatwanga, nikajipaka shingo, kifua na mikono yote, nikakauka nalo.

Asubuhi nilikuwa na vitu viwili mwilini. Mabaka yangu meupe yalikuwepo, salama kabisa, na juu yake vipele vyekundu vilivyovimba vikiwasha moto. Kurudi nyuma haikuwezekana, Wafula alishafika kunichukua na keki, sukari na blanketi la mtoto. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, lile la kitambaa kizito cha kung'aa lenye mikono hadi kwenye kiganja, nikafunga kitambaa shingoni, nikajipulizia marashi, tukapanda mlima.

Werugha baridi, ukungu umelala mpaka kwenye matuta ya kabichi, na niliposhuka upepo ukanipiga nikahisi nafuu, nikafikiri mambo yamekwisha. Kumbe bado. Tukaingizwa sebuleni, watu wamejaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mtoto, chai ya maziwa mazito ikaja ya moto, nami nikiwa ndani ya lile gauni. Jasho la kwanza lilipotoka, mkonge ukaamka.

Mbele ya wakwe mtu hajikuni. Kwetu hata kupandisha mkono wa nguo mbele yao ni kukosa heshima, kwa hiyo nikakaa nimebana meno huku nikijisugua polepole kwenye kiti, nikijifanya nafuatisha wimbo. Mzee wa kanisa akasimama kuomba, na alikuwa mtu wa kuomba kwelikweli, akaanza na mababu, na alipofika kwenye mvua na mazao nikaona nikiendelea kukaa nitavua nguo mbele za watu. Alipomaliza tu nikamwambia mama yake Wakesho ningependa kuwaona ng'ombe. Akafurahi sana, anawapenda ng'ombe wake, akataka kunisindikiza, nikamwomba asijisumbue.

Zizini kulikuwa na giza kidogo na ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa. Nikashika nguzo yake ya kujisugulia nikajisugua shingo na mikono bila haya, yeye akinitazama anacheua. Halafu nikaona rafu ya dawa za mifugo, na kwenye rafu chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ambayo sisi tuliokua zamani tulipakwa na manesi kwa kila ugonjwa, kinywani, kichwani, kwenye vidonda, popote. Moyo wangu ukasema ndiyo hii. Nikapandisha mikono ya gauni, nikainamisha chupa, kifuniko kikafyatuka, na dawa yote ikanimwagikia. Nitasema ukweli, ile baridi yake ilikuwa raha. Nikaipaka hadi kwenye viwiko, nikaipeleka shingoni, na shavu lilipowasha nikalikuna pia.

Wafula akaniita kutoka mlangoni, akasema watu wamesimama, mtoto yuko tayari. Nikajitazama mikono kwenye mwanga wa mlango, zambarau hadi viwiko. Nikajifuta kwenye majani ya ng'ombe, zambarau ikazidi kung'aa tu. Nikashusha mikono ya gauni, nikaweka viganja nyuma ya mgongo, nikaingia hivyo, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Wakesho alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto ndani ya shali nyeupe ya kufumwa. Mama yake aliifuma mwenyewe tangu mimba ikiwa changa, baadaye ndiyo niliambiwa, lakini hata bila kuambiwa ungeona. Nyeupe pe. Akanisogelea akaninyooshea mtoto, watu wote wananitazama (na shavu langu lina zambarau, ila adabu ya watu wa Werugha, hakuna aliyesema), nami nikarudi nyuma hatua moja.

"Siwezi kumshika," nikasema.

Wakesho alibaki mikono imenyooka, nikarudi nyuma tena. Shangazi yake mmoja, Shangazi Mghoi, hakuniambia mimi, aliiambia hewa, kwamba kama mwenye jina hamtaki mtoto basi jina litafutwe lingine, majina hayajaisha, na wanawake waliokuwa karibu naye wakatikisa vichwa. Wafula alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu nimzae. Lakini aliyenimaliza ni Wakesho. Alimvuta mtoto kifuani, akamfunika vizuri na ile shali, akaniuliza.

"Mama, nimekukosea nini?"

Nani angeendelea kuficha baada ya hapo? Niliitoa mikono mbele. Mtu mmoja nyuma akacheka puani, na simlaumu, mama mzima na gauni la kung'aa na mikono ya zambarau mpaka inadondoka. Nikavua na kitambaa cha shingo, zambarau, nyekundu na nyeupe zote zikaonekana, nikawaambia kila kitu huku nalia, mabaka, dereva na chapati yake, mbuzi wa baba, mkonge, chupa ya ng'ombe. Nikamwambia Wakesho kwamba mtoto namtaka kuliko kitu chochote, naogopa tu nisimpe ugonjwa wangu.

Wakesho akampa mama yake mtoto, akanijia, akaniinamisha shingo kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akanigusa. Na vidole vyake vitupu, pale pale kwenye mabaka. Tangu siku ya yule dereva nilikuwa sijaguswa na mtu pale, na mimi mwenyewe nilikuwa napagusa kwa dawa tu.

"Hii ni mba ya ngozi, mama," akasema. "Nilipokuwa nafanya kazi Voi ilinijaa mgongo mzima. Nikija huku kwenye baridi inalala, nikirudi kwenye joto inaamka. Haishiki mtu. Muulize Wafula kama ameipata."

Watu wote wakamgeukia Wafula. Wafula akaangalia dari. Hapo ndipo chumba kizima kilipocheka, hata mzee wa maombi, hata Shangazi Mghoi, na mimi katikati ya machozi nikacheka.

Mama yake Wakesho akaleta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, akaniosha mikono yeye mwenyewe, na vile vipele vya mkonge vikapoa kidogo, ila rangi haikutoka. Basi akachukua leso yake safi akanifunga viganja vyote viwili kama mtu aliyeungua, akanikalisha, na mtoto akawekwa mapajani mwangu. Nikamwita Nekesa. Alifungua jicho moja. Nilitaka kumfunika kidevu, dole gumba likachomoka kwenye leso, na ndiyo hiyo alama ya zambarau mnayoiona kwenye picha, katikati ya shali ya watu.

Wiki iliyofuata Wakesho alinipigia simu kila siku mpaka nikaenda hospitali. Daktari, msichana mdogo tu, aliniangalia, akakwaruza kidogo, akaniambia ni kuvu, na kwamba hao kuvu wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu kimyakimya, ila wakipata joto, jasho na mafuta mengi wanazidi. Si uchafu wala haiambukizi. Ile tube yangu ya dukani, akasema, huwa inatuliza mwasho huku kuvu wakiendelea kushiba. Alinipa shampuu ya dawa, nipake mwilini, ikae dakika chache ndipo nisuuze, na krimu ya kupaka baadaye, akanionya kwamba rangi ya ngozi itachukua miezi kurudi hata kuvu wakiwa wamekufa, nisije nikakata tamaa nikarudi kwenye mkonge (alikuwa ameshaambiwa, sijui na nani). Joto likija itajaribu kurudi, kwa hiyo naoga na ile shampuu mara moja moja hata nikiwa sina kitu, mafuta ya mgando ya kujipaka nimepunguza, na kitambaa cha shingoni nimekitoa. Nguo ni za pamba, pana, upepo unapita.

Yule dereva alirudi. Nilimwambia kabla hajauliza, na alikula chapati mbili.

Mkonge nimewaachia wanaosokota kamba. Na nimeapa, mwili ukinisumbua tena nitasema mapema, kwa mtu aliyesomea, na kwa watu wangu pia, kwa sababu nilikuwa nafikiri ninamlinda yule mtoto na ilibaki kidogo tu akue na jina la mtu mwingine. Mama yake Wakesho aliitia ile shali kwenye kila sabuni iliyoko Werugha, alama haikutoka, akataka kufuma nyingine. Wakesho akakataa. Siku hizi wamerudi Voi, na jioni nikifunga kibanda wananiletea Nekesa mdogo, naye hana mahali pengine anapokubali kulalia isipokuwa shingoni kwangu, pale pale, na jasho langu lote.