Uchungu Niliomchagulia Mapendo

Nakumbuka siku ile ya mvua tulipotelemka kutoka kijijini kwetu Bihambwe kwenda hospitali, dereva wa pikipiki mbele, mke wangu Mapendo katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke. Mimba ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa kijana kama wewe, mwanangu, na kijana akishapata shamba lake la maharagi hudhani anajua yote.

Hospitalini walimpima, wakakuta moyo wake ni dhaifu. Uchungu ulishakolea, kila ulipompanda alikamata chuma cha kitanda, jasho likimtiririka. Muuguzi wa dawa za usingizi, mama mmoja mpole, akaniita karibu.

"Papa, tunataka kumutia dawa kidogo mu mugongo. Maumivu itapunguka, na moyo wake itapumuzika. Miguu haitakufa, atasukuma mutoto yeye mwenyewe. Na sisi tutabakia hapa kuchunga namna anapumua."

Mapendo alisikia. "Wanitie," alisema. "Nakubali."

Lakini nilikuwa nimesikia ya watu, kwamba sindano ya mgongo hulemaza. Na kuliko woga, nilikuwa na kiburi. Nikajibu: "Hapana. Mama yangu alizaa watoto tisa bila sindano. Biblia nayo inasema mwanamuke atazaa kwa uchungu."

"Ni yeye iko anaumia, Papa," muuguzi akasema. "Haiko wewe."

Nilikataa kutia sahihi karatasi ya ruhusa. Enzi hizo neno la mume lilikuwa kufuli.

Alilia mpaka alasiri. Mwishoni hakulia tena, aliniangalia tu. Akazaa msichana, mzima kabisa. Kabla jua halijatua, moyo wa Mapendo ukasimama. Nilimuuliza daktari kama sindano ingemwokoa; akasema hajui. Ninalojua mimi ni kwamba saa zake za mwisho zilikuwa mateso, na nafuu ilikuwapo pale pale, mezani.

Mama yangu akaja kutoka Karuba kuzika. Nikamweleza yote, nikitazamia anifariji. Alimpakata mtoto vizuri mapajani mwake.

"Ni nani alikuambia mie sikulia?" akaniuliza. "Nililia wote tisa. Hakuna muntu aliniuliza kama nataka dawa, juu dawa haikukuwako. Wewe uliulizwa, ukakatala. Usitie tena jina yangu mu ile maneno."

Siku tatu hakunitazama usoni.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkeo akifika chumba cha kuzalia, usione haya: mwambie muuguzi unachokiogopa, akueleze. Kisha muulize mkeo anataka nini, na neno lake liwe la mwisho. Usijaribu nguvu ya imani yako juu ya mwili wa mwingine. Na usiseme "mama yangu alivumilia" kabla hujamuuliza mama yako.

Mungu akujalie uzeeke na uliyemwoa, mvi zenu ziote pamoja. Mimi zangu zimeota nikiwa peke yangu.