Sinia la Zinguo

Juzi mke wa mjukuu wangu alikaa uani akisugua sinia langu la shaba kwa ukwaju na majivu. Harufu ile iliponifikia nikaweka kikombe cha kahawa chini. Akaniuliza, kwa adabu zake, "Bibi, sinia hili umelipata wapi?" Nikakichukua tena kikombe, nikanywa kwanza. Wewe nitakwambia, maana hutamfikishia. Binti huyu ni kitukuu cha jirani yetu wa zamani, na nikilegeza ulimi nitaivunja nyumba ya mjukuu wangu.

Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani hapa Bagamoyo kabla ya vita vya Wadachi, hao Wajerumani. Kila Alhamisi kazi yangu ilikuwa kulisugua sinia hilo hilo, kisha bibi yangu alipanga vitumbua juu yake na watoto wa mtaa mzima wakaja kula kwetu. Siku moja liliniponyoka kizingitini, likabonyea ukingoni. Bibi alishika fimbo. Jirani, shoga yake wa tangu usichana, akaingia kati na kuniombea, nikasalimika.

Manowari zilipoanza kupiga mizinga tukakimbilia shamba, Kiwangwa, tukashindia muhogo mkavu. Jirani alibaki. Tuliporudi mji ulikuwa unanuka, mizoga ya punda imevimba vichochoroni, nzi wanakuingia mpaka mdomoni. Nyumbani kwetu hapakuwa na mlango wala mwiko. Lakini uvundo uliozidi ulikuwa wa watu. Waliokimbia waliwaita waliobaki wezi, na waliobaki waliwaita waliokimbia waoga. Wakichukiana hivyo, kijana mmoja akachomwa kisu kisimani kwa sababu ya ubao wa mlango. Aliyemchoma alikuwa amecheza naye tangu utotoni.

Hapo mwalimu wa chuo akasema mji ufanyiwe zinguo, uondolewe nuksi. Ng'ombe mweusi akazungushwa mji mzima, ubani ukifuka mbele, sisi watoto tukisoma nyuma yake huku tukikanyaga uchafu. Kisha akachinjwa, na ilibidi kila mtu ale, pamoja na wenzake. Sharti lilikuwa moja: siku ya zinguo hautajwi ubaya wa mtu, na atakayeutaja ameuharibia mji. Kila nyumba ilete chombo chake.

Jirani akaja na sinia letu.

Alikuwa amelijaza wali na nyama, amelibeba kichwani mchana kweupe, akalitua mbele ya bibi yangu. Kibonyeo kilikuwa upande wangu. Nilimtazama usoni nikitafuta haya, nikaona jasho tu. "Shoga, karibu tule," akasema. Wanawake wote wakalikodolea macho, kwani nani asiyelijua sinia lile? Nami nikafungua mdomo niseme, bibi akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

"Nimekaribia," bibi akajibu. Akanawa, akala.

Jirani akachambua pande la mafuta, akanisogezea. "Kula mwanangu, umekonda." Nililimeza bila kutafuna. Tangu siku ile nyama ya ng'ombe haipiti kooni mwangu. Tuliporudi nyumbani bibi alizunguka nyuma ya jiko akatapika yote, akasukutua, akaniambia, "Nimekula. Sasa wewe usije ukakitapika nilichokula mimi."

Na lazima nikiri, ingawa kukiri kwenyewe kunanikera: visu vilirudi jikoni. Kesho yake wanawake walichota maji pamoja, na kijana yule alipopona alisalimiana na aliyemchoma. Bibi na jirani waliamkiana kila asubuhi mpaka bibi alipofariki. Jirani ndiye aliyemwosha. Chakula cha matanga kilitoka kwake juu ya sinia lile, na alipoondoka akaliacha. Nilimngoja aseme neno, neno moja tu la kuomba radhi, nami nilimchukia kwa kila siku iliyopita bila yeye kulisema. Akafa nalo.

Leo chuo kile kimebaki kuta, kisima kimefukiwa, na zinguo vijana hawalijui. Watu wakigombana wanakwenda barazani kwa hakimu, mmoja anashinda, wanarudi nyumbani wakichukiana zaidi. Sijui kipi kinanichukiza zaidi, haki yao hii au amani yetu ile ya kumezwa pamoja na mafuta yake.

Binti alikuwa bado ananingoja. "Ni la bibi yangu," nikamwambia.

Akaligeuza, akapitisha kidole ukingoni. "Na hapa paligongwa na nini?"

Maneno yote yalikuwa tayari kinywani, nimeyaweka tangu utoto. Nikauona mkono wake, umejaa majivu mpaka kiwikoni, kwa ajili ya chombo changu.

"Nililiangusha mimi," nikasema. "Nusura nichapwe. Mama wa bibi yako akaniombea."

Akacheka kwa furaha, hakuwahi kusikia lolote juu ya mama huyo. Akaendelea kusugua, na mimi nikameza mate.