Karani wa Bei za Maji

Karani wa dirisha la tatu, idara ya maji ya mji wetu, ndiye anayeamua nani alipe bei ya nyumbani na nani ya biashara. Hulamba kidole gumba, hufunua jedwali, huuliza kwa sauti ya kunong'ona kama daktari. Siku ya Jumanne, Bibi Tsvetana alisimama mbele yake. Jirani alikuwa amemchongea kwamba anafuga nguruwe, kwa hiyo alipe bei ya biashara, mara mbili ya ile ya nyumbani.

“Bibi, utamchinja Krismasi?”

“Nimchinje Gencho? Mwanangu, tunaoga bafu moja!”

“Nani hutangulia?”

“Yeye. Nikitangulia mimi, ananuna hadi kesho.”

Karani alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, kisha akaandika taratibu: “Bei ya nyumbani. Wakaazi wawili, mmoja ana hasira za karibu.”